Mchanga Huu Nikautupe Wapi?

Nilifika mapema kuliko nilivyoahidi, nikamkuta anafagia.

Mama huyu aliuza mboga Kongowea bega kwa bega na marehemu mamangu, nami tangu utotoni namwita mama. Anakaa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa. Alitia maji kwenye kopo, akaurashia ua kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka rangi ya mchanga ikabadilika. Ndipo akashika ufagio wa chelewa na kufagia taratibu, ameinama sana, vumbi lisiinuke. Akazoa. Halafu akasimama.

Kizoleo kilikuwa mkononi, kimejaa mchanga, majani ya mwarobaini na karatasi za peremende. Kulia kwake kuna mtaro ambao mvua ikinyesha hupita mlangoni kwa jirani. Kushoto kuna ukuta wa kilichokuwa kiwanda. Alitazama huku, akatazama kule, mwisho akaenda kumwaga chini ya ukuta.

"Mama, mbona ulisimama?"

"Kila siku nasimama," akasema. "Tushaambiwa huu mchanga una sumu. Haya, mwanangu, nikautupe wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikanywa chai yake, nikapanda matatu, nikarudi Kisauni.

Wiki saba sasa.

## Risasi

Sumu iliyomo mchangani ni risasi, na Kiswahili kimeyaita kwa jina moja madini haya na kile kitokacho kwenye mtutu wa bunduki. Mama alinisimulia kwamba siku watu walipoitwa kupimwa damu, babu mmoja jirani yake aligoma. "Mimi sijapigwa na mtu," akasema, akafunga mlango wake. Nimemfikiria sana babu huyo. Risasi ya bunduki ina mlio, ina tundu la kuingilia, na nyuma yake yuko aliyefyatua. Hii nyingine huingia kwa kidole cha mtoto anayetambaa.

Ikishaingia mwilini hujifanya kalisi, na mifupa huipokea kama mgeni wa heshima. Hukaa humo kwa makumi ya miaka. Mwanamke akishika mimba hutoka mifupani mwake ikamfikia aliye tumboni. Mtoto mdogo akimeza kiasi kile kile alichomeza mtu mzima, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi katika damu kuwa ni salama.

Habari ya kiwanda wengi wenu mnaijua: betri kuukuu za magari zilizoyeyushwa kupata risasi, tanuru, moshi, na Phyllis Omido aliyeajiriwa pale 2009 kisha akagundua kwamba mwanawe mwenyewe ana risasi katika damu, akaanza kukipinga. Kiwanda kilifungwa 2014, naye akapewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka uliofuata. Siirudii. Kinachonikaa moyoni ni kilichokuja baada ya tanuru kuzimwa.

Watafiti walipopima damu za watoto 2015, wastani wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita. Wa Bangladesh, mtaa mwingine wa Mombasa ambao maisha yake hayana tofauti kubwa na ya hapa, ulikuwa 3.7.

Mara mbili, na moshi ulikuwa umeshakatika. Watoto wale walikuwa wakiipata risasi pale walipokaa na kucheza.

## Miezi minne

Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi ushindi. Ilikuwa wakati wa korona, watu tumejifungia majumbani, na habari niliipata kwa simu. Fidia ya shilingi bilioni 1.3! Nilimpigia mama. Alilia, nami nikalia. Tulizungumza karibu saa nzima, na katika saa nzima hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyetaja udongo.

Na hukumu ile ile ilikuwa imeutaja. Iliwaamuru walioshtakiwa wausafishe udongo na maji na kuondoa taka zilizoachwa mtaani, na ikawapa miezi minne. Wakishindwa, watoe shilingi milioni 700 ili wakazi wenyewe waisimamie kazi hiyo. Kifungu cha 42 cha Katiba, kile cha haki ya kila mtu ya kuishi katika mazingira safi, kilikuwa kimepewa jembe na karai. Sikukumbuka kukisherehekea.

Miezi minne iliisha Novemba 2020.

Rufaa ikakatwa. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa mtaani wiki ile ya hukumu ya kwanza alikuwa ameshatambaa, ameshasimama, na amefika umri wa chekechea, kabla ya neno la mwisho kusemwa. Umri wote wa kutia vidole mdomoni ulipita kesi ikiwa mahakamani.

Nimeandika mara tatu katika ukurasa huu kuhusu kesi hii, na baada ya asubuhi ile ya kizoleo nilizisoma upya makala zote tatu. Neno fidia limejaa tele. Neno udongo nimelikuta mara moja, tena ndani ya sentensi inayohusu fidia. Linaniuma hilo. Nilikuwa nikihesabu pesa za watu, na miguu yao iko juu ya kitu kile kile kilichowapeleka kortini.

## Nilitaka wahame

Kwa siku kadhaa nilidhani jibu ninalo. Mtaa wote uhamishwe. Wapewe chao, watafute kwingine, eneo lizungushiwe uzio, basi.

Niliporudi wiki ya pili nikamwambia hivyo. Alikuwa anachambua mchicha, na hakuacha kuchambua.

"Sisi tukitoka, hii nyumba itakaa tupu?"

Nikanyamaza.

"Chumba cha bei hii Mombasa hakilali bila mtu, mwanangu. Nitatoka mimi na wajukuu zangu, ataingia msichana wa watu ametoka bara na kichanga mgongoni. Hatajua lolote. Atafagia bila kurashia maji."

Nadhani hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Nilikuwa nimeufanya ugonjwa uwe wa watu, kana kwamba wakiondoka utaondoka nao. Ardhi ndiyo inayoumwa. Na ardhi ya mjini haikosi mpangaji.

Kuna lingine. Risasi haiozi. Mafuta yaliyomwagika, vijidudu vya udongoni hula kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka. Risasi ni elementi, haina kitu kidogo zaidi cha kuvunjikia. Iliyoanguka uani kwa mama mwaka 2009 ni ile ile leo, na wajukuu wa wajukuu zake wataikuta ikiwa hakuna aliyeichukua. Nikaanza kuliona neno "kusafisha" kwa jicho jingine. Nguo ukiifua, uchafu unakwenda na maji. Udongo wenye risasi, utafanya nini? Utauhamisha, au utaufunika, au utaufunga kwa dawa kama fosfeti ili risasi isiyeyuke kwa urahisi tumboni mwa mtu. Njia ni hizo tu, na hakuna hata moja inayoifanya risasi isiwepo.

## Hesabu ya lori

Habari njema ni kwamba sumu ya aina hii kwa kawaida haizami sana. Ilishuka kutoka hewani, ikakaa juu. Palipomwagwa taka za tanuru na maji ya betri ni mambo mengine, hapo itabidi kuchimba zaidi na kupima kila hatua. Lakini ua wa kawaida una tatizo lake kwenye tabaka la juu, lile lile linalofagiwa na kuchezewa.

Nikachukua karatasi. Ua wa mita 10 kwa 10, ukatwe sentimita 15: mita za ujazo 15. Kwa uzito wa udongo wa kawaida ni tani 22 hivi. Lori la tani saba litakwenda safari tatu na kitu, kisha lirudi mara hizo hizo na udongo safi. Hekta moja ni zaidi ya safari 300 za kutoa peke yake. Ni kazi kubwa, lakini ni kazi ya aina ambayo mji huu huifanya kila mtu anapoamua kujenga ghorofa.

Na imeshafanywa na watu maskini kuliko sisi. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyokuwa yakisagwa majumbani. Wanakijiji walishika majembe, wakaparua udongo wa juu wa nyua zao, wakautia magunia, ukazikwa nje ya kijiji, na udongo safi ukaletwa mahali pake. Walianza Dareta na Yargalma Juni ile ile. Kijiji cha nane na cha mwisho, Bagega, kilingoja mpaka 2013.

Kungoja kwa Bagega ndiko kulikonifundisha zaidi. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na dawa ya kuitoa risasi mwilini, lakini hawakuanza kuwatibu watoto wa kijiji hicho mpaka nyua zisafishwe. Mtoto unamtoa risasi kwa wiki kadhaa, kisha unamrudisha alale juu ya vumbi lile lile? Udongo kwanza, ndipo dawa. Nilipolisoma hilo niliifikiria bilioni 1.3 yetu, nikapata baridi mgongoni. Pesa hizo mtu atazitumia kumtibu mtoto anayeishi wapi?

## Safi ni kiasi gani?

Hapa nilikwama kwa wiki nzima, na sijatoka vizuri.

Kwa miaka mingi Marekani ilikuwa ikisema kwamba udongo ambao watoto wanachezea usizidi miligramu 400 za risasi kwa kila kilo. Januari 2024 wakaushusha mwongozo huo hadi 200. Ua uliokuwa na 300 ulilala safi, ukaamka mchafu, na hakuna chembe hata moja iliyoongezeka. Siwalaumu, kadiri elimu inavyokua ndivyo kiwango kinavyoshuka. Lakini nimeelewa kwamba "safi" ni nambari ambayo watu fulani walikaa mezani wakakubaliana. Nataka meza hiyo ikiwekwa kwetu, mama mwenye kizoleo awe na kiti.

Kwa sababu najua hoja zitakazokuja. Itakuja hoja ya kufunika: tandika matofali ya kabro mtaa mzima, watu wapige picha, kazi imekwisha. Kufunika si dhambi, na mahali pengine ndiyo njia bora. Sakafu ya saruji ndani ya nyumba ni kinga halisi. Ila kabro hufukuliwa. Bomba la maji likipasuka, fundi atakuja na sururu, na kwa siku mbili lundo la udongo wa chini litakuwa nje, watoto juu yake wakiteleza. Nani atamwambia fundi?

Kibarani tulifunika. Jaa lile la kando ya barabara ya Makupa lilifungwa 2018, likamwagiwa udongo, ikapandwa miti. Kwa macho pamependeza, nami nikipita pale hufurahi. Takataka zetu zikaendelea na safari mpaka Mwakirunge. Mwakirunge nako kuna akina mama, wana nyua, na wana fagio zao. Kila nikitafuta mahali pa kuupeleka mchanga wa Owino Uhuru, nakuta nimemhamishia mama mwingine swali lile lile.

## Mji wenye mahali pa kupeleka

Kuna mji mdogo Idaho, Marekani, unaitwa Kellogg. Uliishi kwa mgodi na tanuru la Bunker Hill. Septemba 1973 moto uliharibu vichujio vya moshi, na tanuru likaendelea kuwashwa. Mwaka uliofuata watoto wakapimwa: karibu wote waliokaa ndani ya maili moja kutoka tanuru walikuwa na mikrogramu 40 au zaidi kwa desilita. Soma tena ile 7.4 yetu, kisha urudi hapa.

Tanuru lilifungwa 1981. Miaka miwili baadaye serikali kuu iliuweka mji huo katika orodha yake ya ardhi zinazohitaji kusafishwa, na kazi ikachukua miongo. Uani kwa watu udongo uliondolewa hadi kufikia futi moja. Pale ambapo sumu ilikuwa imeshuka zaidi ya hapo, waliiacha chini, wakatandika kitambaa cha kuitenga, wakajaza udongo safi juu. Damu za watoto zikashuka. Baadhi ya wataalamu wa kazi ile ndio waliokwenda kusaidia Zamfara.

Kilichonivutia Kellogg ni kilichofuata baada ya malori kuondoka. Walikubali kwamba kitu kile bado kiko chini yao, na wakaamua kuishi nacho kwa macho mawili. Ukitaka kuchimba msingi, unakwenda ofisi ya afya ya eneo lako, unachukua kibali, unaelezwa namna ya kuchimba. Ukifukua udongo mchafu, kuna mahali maalumu pa kuupeleka. Ukitaka kusafisha vumbi la darini au kwenye mazulia, ofisi hiyo hiyo inakuazima mashine ya kunyonya vumbi laini.

Mahali maalumu pa kuupeleka.

Nilipofika sentensi hiyo niliacha kusoma, nikatoka nje. Mwanamke wa Kellogg akiwa na kizoleo mkononi ana jibu. Amepewa na mji wake, na halitegemei kesi yake imefika mahakama gani.

Najua tofauti. Sikuja kudai tunazo pesa za Marekani. Lakini shimo lililochimbwa vizuri, likatandikwa udongo wa mfinyanzi na karatasi nzito ya plastiki, likapimwa maji ya kisima kilicho karibu, likawa na mlinzi na daftari, hilo linahitaji uamuzi kuliko linavyohitaji utajiri. Na linaweza kuanza kabla ya senti ya kwanza ya fidia. Kama ningekuwa na nguvu ya kudai jambo moja tu leo, ningedai shimo hilo, lenye jina na lenye mwenyewe, liwe tayari kabla hata ya jembe la kwanza kuinuliwa. Kabwe kule Zambia mgodi wa risasi ulifungwa 1994, na marundo ya taka zake yakaachwa wazi. Upepo huyapitia, ukaingia mjini. Ukisafisha ua wa mtu hapo na rundo ukaliacha, umempa msimu mmoja wa kupumua.

## Ndoo

Katika ziara ya pili nilimpa mama ushauri, kwa kuwa nilishindwa kuondoka mikono mitupu. Viatu viachwe mlangoni. Sakafu ipigwe deki, isifagiwe kavu. Wajukuu wanawe mikono kabla ya kula, na wale omena na maziwa wakipatikana, maana mwili ulioshiba chuma na kalisi huipokea risasi kwa shida. Yote hayo ni kweli, na yote ni mzigo mwingine juu ya mgongo wa mwanamke ambaye hakuyeyusha betri hata moja. Mwishoni nikamwambia asimwage tena ukutani. Atafute chombo chenye kifuniko.

Jumapili iliyopita nilikwenda tena. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na ndoo tatu za rangi, zile za lita ishirini, zimefungwa vifuniko na kuwekewa jiwe juu.

"Hii ya nne naianza," akasema. Akaniangalia. "Wakija, watazichukua?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikamwambia sijui, mama. Akatikisa kichwa, si kwa hasira, akaingia ndani akatoka na kalamu ya wino mzito ya mjukuu wake.

"Basi niandikie tarehe. Wasije wakasema ni mchanga wa juzi."

Tukaziinamia. Ya kwanza alikumbuka siku aliyoianza na siku aliyoifunga. Ya pili ilitubidi tuhesabu kwa siku za soko. Niliandika juu ya vifuniko, kwa herufi kubwa, jina la mtaa, tarehe, na neno RISASI, kisha nikamsaidia kuzisogeza mbali na mtungi wa maji.